Shimo la Mwaka 1973 na Kabati la Leo

Katika makongamano ya mazingira ipo sentensi moja inayorudiwa kiasi kwamba wasikilizaji wameacha kuisikia: kwamba tatizo kubwa la taka za kielektroniki nchini mwetu ni wananchi kukosa uelewa. Anayeitamka huwa na vipeperushi mkononi, wanaomsikiliza huitikia kwa kichwa, kisha wote huenda kunywa chai. Mimi nami nimeitikia kwa kichwa mara kadhaa, na chai hiyo nimeinywa. Lakini mtu aliyefundishwa kusoma historia hapaswi kulipokea neno "uelewa" bila kuuliza lilipata kufanya kazi lini, na kwa masharti gani.

Lilifanya kazi mwaka 1973. Mwaka huo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikishirikiana na Wizara ya Afya na Redio Tanzania Dar es Salaam, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Haikuwa ya kwanza ya aina yake. Zilitangulia Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, na Wakati wa Furaha mwaka 1971, iliyoadhimisha miaka kumi ya Uhuru. Lakini Mtu ni Afya ilizipita zote kwa upana. Kwa majuma kumi na mawili watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuizunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kitabu, wakajadiliana kuhusu malaria, kuhara, minyoo na kichocho, kisha wakaulizana: sasa tufanye nini? Swali hilo la mwisho ndilo lililoibeba kampeni nzima, kwa kuwa jibu lake lilikuwa ndani ya uwezo wa kaya ileile, mara nyingi alasiri ileile: chimba choo, fyeka majani, fukia dimbwi, chemsha maji. Vyoo vilivyochimbwa vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Wapo wanaoikumbuka kampeni ile kwa mapenzi yaliyopita kiasi. Tusisahau kwamba ilifanyika chini ya dola yenye mkono mrefu, ambamo balozi wa nyumba kumi alijua vizuri ni nani hana choo. Hata hivyo, ukiyaondoa mapenzi na ukiiondoa hofu, linabaki jambo moja lisilopingika: elimu ile haikuishia sikioni. Ilikuwa na jembe mkononi na mahali pa kulipigia. Kaya iliambiwa hatari iko wapi, ikaambiwa pia uchafu uende wapi.

Sasa tuiangalie redio yenyewe. Katika vijiji vingi haikuwa na umeme, ilikula betri. Sehemu ya betri hizo ilitengenezwa hapahapa Dar es Salaam, katika kiwanda cha Wajapani wa Matsushita kilichoanzishwa miaka ya 1960, ambacho bidhaa zake watu walizijua kwa jina la National. Waliokulia enzi hizo wanaujua mwisho wa betri. Ikianza kulegea ilianikwa juani ili ipate nguvu ya siku mbili zaidi. Ikifa kabisa watoto waliipasua kwa jiwe, wakautoa unga mweusi, wakaupeleka shuleni kupakia ubao. Kile kijiti cha kaboni cha katikati kilikuwa kalamu ya kuchorea ukutani. Na zile ambazo hazikupata kazi yoyote zilitumbukizwa chooni, katika shimo lilelile ambalo kampeni iliwahimiza watu walichimbe.

Sisemi kwamba betri zile ziliangamiza taifa. Zilikuwa na zinki, manganizi na zebaki kidogo iliyotiwa ili zinki isilike upesi, na kaya moja ilitumia chache kwa mwaka. Ninachosema ni kwamba hapo ndipo tulipojifunza kanuni ambayo hatujaiacha hadi leo: kifaa kilichokufa kina njia mbili tu. Ama kina matumizi mengine, basi kitunzwe. Ama hakina, basi kiingie shimoni. Njia ya tatu hatukuonyeshwa.

Kanuni ya kutunza iliimarishwa na uhaba. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Zanzibar ilikuwa imeanza kurusha matangazo ya televisheni ya rangi mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila kituo chake hadi kampuni binafsi zilipoanza mwaka 1994. Katikati ya tarehe hizo tulipita miaka ya maduka matupu, ambapo mtu mwenye redio alikuwa na mali. Ndipo lilipokua tabaka la mafundi redio, watu ambao historia yao haijaandikwa inavyostahili. Kibanda chao kilikuwa kama hospitali na makaburi kwa pamoja, kwani maiti ya redio moja ilitoa viungo vya kuwafufua wagonjwa watatu. Katika uchumi wa namna hiyo neno "taka" halikuwa na maana kwa kitu chenye waya ndani yake. Mzee anayelikataza jokofu bovu kutolewa uani hana ugonjwa wowote wa akili. Anaufuata uzoefu ambao kwa miaka ishirini ulikuwa sahihi kabisa.

Baada ya milango ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa katika enzi ya Rais Ali Hassan Mwinyi, vitu vilianza kuingia kwa wingi: vipya kwa wenye nacho, mitumba kwa wengine. Runinga iliyochakaa Ulaya ikawa runinga ya kwanza ya nyumba fulani Mbagala. Wakati huohuo Afrika ilikuwa inapigania kisichoingia. Mwaka 1988 ilifichuliwa kwamba mapipa ya sumu kutoka Italia yalikuwa yamerundikwa katika bandari ndogo ya Koko, Nigeria. Mwaka uliofuata ukapatikana Mkataba wa Basel, na mwaka 1991, kwa kuwa Basel uliruhusu mengi mno, nchi za Afrika zikaandika wa kwao mjini Bamako, unaokataza kabisa taka za sumu kuingizwa barani. Tanzania ni mwanachama wa mikataba yote miwili. Lakini mkataba hulitazama pipa lililoandikwa "taka". Haukuwa na jicho la kuiona runinga ambayo bado inaonyesha picha, iliyobakiza miaka mitatu ya kuishi, na ambayo ingekuja kufia mikononi mwetu.

Halafu dola ikaingia yenyewe katika kuzalisha taka, na hapa ndipo lawama ya "uelewa" inapoanza kunikera. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam, na miji mingine ikafuata. Kaya ziliambiwa zinunue kisimbuzi au runinga mpya. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizizima simu bandia. Mtu aliamka asubuhi akiwa ameshika kipande cha plastiki kisichopata mtandao. Sizipingi hatua hizo. Ya kwanza ilitokana na makubaliano ya kimataifa, na ya pili ilikuwa na sababu za usalama zinazoeleweka. Nauliza tu kuhusu ujumbe. Kwa miezi mingi redio, magazeti na mabango vilitufundisha namna ya kuhakiki namba ya utambulisho ya simu, na tukajifunza, kwa sababu tulipewa namba ya kubonyeza. Tungeweza kufundishwa katika tangazo lilelile pa kuipeleka simu iliyozimwa. Kwa ukubwa wa sauti iliyotuambia tununue, hatukuwahi kuambiwa tuweke wapi kile kilichokufa.

Basi vikaingia kabatini. Nimelifungua la kwangu ili nisiwasingizie wengine. Humo mna simu nne za vitufe, mbili zikiwa zile tulizozoea kuziita viswaswadu. Simu janja moja yenye kioo kilichopasuka na betri iliyoanza kuvimba. Visimbuzi viwili vya kampuni tofauti. Chaji ambazo sikuzimaliza kuzihesabu. Na kompyuta ya mkononi niliyoandikia tasnifu yangu ya uzamivu, ambayo siitupi kwa sababu isiyohusiana na mazingira. Mke wangu anaiita makumbusho. Naamini msomaji naye analo kabati la namna hiyo, au droo, au boksi chini ya kitanda.

Je, kabati hilo ni hatari? Hapa vipeperushi vyetu huchanganya mambo, na mwananchi mwerevu akigundua ametishwa bure huacha kusikiliza hata pale anapopaswa kuogopa. Simu iliyotulia droo ikiwa nzima haimtii mtu sumu. Betri ya lithiamu iliyovimba ni jambo jingine: haifai kutobolewa, kubanwa wala kuachwa juani, kwa kuwa inaweza kuwaka moto usiozimika kirahisi. Taa ya tyubu, na zile ndogo zilizosokotwa tulizouziwa kwa jina la kubana matumizi, zina miligramu chache za zebaki ambayo hugeuka hewa taa inapovunjika. Ikivunjika, fungua madirisha, toa watoto chumbani, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na si kwa ufagio. Kioo cha runinga ya chogo kina madini ya risasi, kilo moja na zaidi katika zile kubwa. Kikiwa kizima, risasi hiyo imefungwa ndani ya kioo. Kikipondwa jalalani huanza safari ya kwenda kwenye vumbi na maji.

Sumu kubwa huzaliwa baadaye, pale kitu kinapotoka nyumbani na kukutana na moto. Waya una shaba ndani na plastiki yenye klorini nje. Njia nyepesi ya kuipata shaba ni kuichoma plastiki, na moshi wake hubeba dioksini, kemikali ambazo hujikusanya katika mafuta ya wanyama na kudumu humo. Ushahidi ulio wazi wa jambo hilo ulitoka Agbogbloshie, jalala la vifaa chakavu mjini Accra ambako nyaya zilichomwa kwa miaka mingi: watafiti waliyapima mayai ya kuku waliojitafutia chakula hapo, na mwaka 2019 wakatangaza kwamba mtu mzima akila yai moja tu anavuka mara 220 kiwango cha dioksini kinachoruhusiwa Ulaya kwa siku. Moshi ulikuwa umepita kwenye udongo, ukapita kwa kuku, ukarudi mezani. Hapa kwetu pia kuku hutembea, na nyaya huchomwa.

Watu wa kwetu wanaufahamu moshi. Wakazi wa Tabata waliufahamu vizuri kuliko Jiji. Mwaka 1988, Sheria ya Haki za Binadamu ilipoanza tu kuwa na nguvu mahakamani, Joseph Kessy na majirani zake waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kuugeuza mtaa wao jalala linalowaka. Mahakama Kuu iliwapa haki. Jiji liliporudi kuomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka, Jaji Lugakingira alilikatalia, akiihusisha hewa ile na haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake 794 wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Hao ndio wananchi tunaoambiwa hawana uelewa: watu 795 waliotia majina yao kwenye shauri dhidi ya Jiji kwa sababu ya moshi. Taka ziliendelea kuhama, Vingunguti, kisha Pugu Kinyamwezi, kila mara zikielekea mbali zaidi na wenye sauti.

Tatizo la risasi ni kwamba haina harufu ya kumtoa mtu kitandani. Wenzetu wa Mombasa walijifunza hilo kwa gharama isiyorudishika. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda kiliyeyusha betri chakavu, zile kubwa za maji ambazo leo zimo katika nyumba nyingi za vijijini zikibeba umeme wa sola. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ameingiwa na risasi. Alihangaika, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Fidia ni fedha. Risasi ikishauathiri ubongo wa mtoto, akili iliyopotea hairudi kwa hukumu, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Naisimulia habari hii kwa sababu betri zilizoyeyushwa pale hazikutoka angani. Kila moja ilikuwa imeuzwa na mtu aliyefurahi kupata chochote kwa kitu kilichokufa.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na mwaka 2021 zilitungwa kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, zinazotaka mkusanyaji, msafirishaji na mchakataji wawe na vibali. Nimezisoma, na kwa maandishi si kanuni mbaya. Kasoro yake ni ya kijiografia: kati ya kabati langu na mchakataji mwenye kibali pana umbali ambao hakuna aliyeteuliwa kuusafiri. Mwaka jana niliifunga ile betri iliyovimba katika bati lenye mchanga mkavu, nikaipeleka katika ofisi moja ya umma ninayodhani inahusika. Nilipokelewa kwa heshima, nikaketishwa, nikaambiwa wazo langu ni zuri, kisha kijana mmoja akanionyesha pipa la taka lililo nje ya geti. Nikarudi nyumbani na bati langu.

Wanyarwanda walianza kutoka upande wa pili. Walijenga kwanza karakana ya kuchakata huko Bugesera, wakajipanga kuilisha kupitia vituo vya kukusanyia. Nairobi nayo ina kituo kilichokua kutoka katika mpango wa kupeleka kompyuta mashuleni, kwa sababu aliyegawa kompyuta alijikuta akiulizwa zikifa zirudishwe wapi. Hakuna nchi kati ya hizo iliyomaliza kazi. Duniani kote, kwa takwimu za kimataifa zilizotolewa mwaka 2024, taka za kielektroniki zilifikia kilo bilioni 62 mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Barani Afrika haifiki hata asilimia moja. Mzungu huzalisha kilo 17.6 kwa mwaka, Mwafrika kilo 2.5. Nayataja haya ili tusijipige vifua kupita kiasi.

Ipo hata hivyo taasisi moja ambayo tayari inafika mlangoni kwa kila kaya, wala haihitaji warsha. Ni mnunuzi wa chuma chakavu. Ana mkokoteni, ana mizani, ana bei, na anajua njia za mtaa kuliko mtendaji wa kata. Ukitaka kufahamu kwa nini kaya za Kitanzania zinamwamini yeye na si pipa la rangi lililowekwa na mradi, jibu liko katika ile historia ya uhaba: yeye anakikubali kifaa kama mali, na mali hulipiwa. Kumtangaza kuwa adui, kama yanavyofanya baadhi ya maandiko yetu, ni kumfunga mdomo mtu wa pekee anayejua vitu vinakwenda wapi. Hatari haimo katika kununua kwake. Imo katika hesabu anayolazimika kuifanya: waya uliochomwa huuzwa kama shaba, waya mzima una wanunuzi wachache na bei ya chini. Mwenye kibali akimlipa kwa waya mzima na runinga nzima zaidi ya anachopata baada ya kuchoma na kuponda, moto utazimwa na watu walewale wanaouwasha. Fedha ya kufanyia hivyo ichangwe pale kifaa kinapoingia bandarini, na waingizaji wanaopata faida, kwa kanuni ya mzalishaji kuwajibika ambayo nchi nyingi zimeikubali. Wakifanya hivyo, hata vipeperushi vitakuwa na kitu cha kusema.

Juzi Jumamosi alipita mmoja kwetu, kijana asiyezidi miaka ishirini. Nilimpa pasi iliyoungua na feni iliyokatika shingo. Akapima, akalipa. Akauliza kama nina nyaya za chaji, kwa kuwa alikuwa ameziona mezani. Nikamuuliza huwa anazifanya nini. Akanijibu bila kificho, "Tunazichoma jioni kule bondeni, mzee, shaba inatoka safi." Nikamuuliza kama moshi haumsumbui. Alisema kifua humbana kidogo, na kwamba siku za kuchoma mdogo wake hapendi kulala naye chumba kimoja kwa sababu ya harufu. Analijua, basi. Nilimwomba aniachie namba yake ya simu, nikazirudisha nyaya kabatini, juu ya ile bati ya mchanga.

"Sasa hizo utazifanyia nini?" akaniuliza.

Nilikuwa sina jibu la kumpa, na mkokoteni wake ulikuwa tayari umeanza kuondoka.